Kitenzi Kisichotulia: Maana 645 za "Run" Zimetoka Wapi?

Mwaka 1989, toleo la pili la kamusi kuu ya Oxford lilipochapishwa katika majuzuu 20, neno lililoongoza kwa wingi wa maana lilikuwa "set". Kitenzi hicho peke yake kilipewa maana zipatazo 430, na maelezo yake yalichukua maneno kama 60,000, urefu wa riwaya nzima. Miongo miwili baadaye taji likahama. Wahariri wa toleo la tatu walipofika kwenye herufi R, mmoja wao, Peter Gilliver, alikaa na kitenzi "run" kwa takriban miezi 9. Alipokiachia, kilikuwa na maana 645.

Tangu hapo namba hiyo imetajwa sana. Wapo wanaoitumia kuonyesha kwamba Kiingereza ni lugha tajiri kupita nyingine, na wapo wanaoitumia kuonyesha kwamba ni lugha isiyo na mpangilio, ambamo neno moja hutwishwa kila kazi. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza nchini Tanzania, aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili na sasa anafundishwa karibu kila somo kwa Kiingereza, hukutana na jambo hilo kwa njia ngumu zaidi. Alifundishwa kwamba "run" ni kukimbia. Kisha kwenye kitabu cha biashara anakuta mtu "anakimbia" duka, kwenye cha uraia mtu "anakimbia" urais, na kwenye cha kompyuta programu nayo "inakimbia".

Hoja ya makala haya ni kwamba wingi wa maana za neno hausemi lolote kuhusu utajiri au umaskini wa lugha. Unachoonyesha ni mahali ambapo lugha hiyo inafanyia kazi ya kutenganisha maana: ndani ya neno lenyewe, au kwa majirani wa neno. Kiingereza kimeisukuma kazi hiyo kwa majirani. Kiswahili kimeibakiza sehemu kubwa ndani ya kitenzi na katika ngeli. Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza namba 645, na ndiyo inayoeleza kwa nini majaji, watengenezaji wa mashine za kutafsiri na watunga kamusi wamelumbana miaka mingi juu ya maneno ambayo mtoto wa miaka mitatu anayatumia bila shida.

Maji na miguu

Ni rahisi kudhani kwamba "run" ilianzia miguuni, kisha maji, mashine na fedha vikafuata kwa tamathali. Historia yake haiko hivyo. Katika lugha za kale ambazo ndizo mama wa Kiingereza na Kijerumani, kulikuwa na vitenzi viwili vilivyokaribiana. Cha kwanza kilimaanisha kwenda mbio na kutiririka kwa pamoja, bila kubagua mtu na maji. Cha pili kilizaliwa kutoka cha kwanza kwa kubadilisha irabu ya ndani, na kilimaanisha kukifanya kitu kiende mbio. Kijerumani cha leo bado kina maumbo mawili, ingawa yamegawana kazi upya: "rinnen" ni kutiririka na "rennen" ni kukimbia. Kiingereza kiliyachanganya maumbo hayo hadi likabaki moja, na hilo moja likarithi kazi zote: kwenda mbio, kutiririka, na kufanya kitu kiende.

Msemaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu kuelewa kilichopotea hapo. Ni kauli ya kutendesha. Sisi tuna enda na endesha, kimbia na kimbiza, pita na pitisha, na tunaweza kuendelea kuzalisha jozi hizo kwa vitenzi vingi tunavyovihitaji. Kiingereza nacho kiliwahi kuwa na utaratibu wa namna hiyo. "Sit" ni kukaa, na "set" kwa asili ni kukalisha. "Lie" ni kulala, "lay" ni kulaza. "Rise" ni kuinuka, "raise" ni kuinua. "Fall" ni kuanguka, "fell" ni kuangusha. Leo jozi hizo ni mabaki. Hakuna anayeweza kuunda nyingine kwa kubadilisha irabu, na Waingereza wenyewe huchanganya "lie" na "lay" kila siku.

Utaratibu ulipokufa, njia iliyobaki ni kuliacha neno kama lilivyo na kuweka mtendwa mbele yake. Farasi akikimbia ni "run". Mwenye farasi akimkimbiza ni "run" vilevile. Kwa hiyo mabingwa wawili wa kamusi ya Oxford wamepita kwenye mlango mmoja. "Set" ni kitenzi cha kutendesha kilichosahau asili yake, na "run" ni kitenzi kilichommeza mwenzake wa kutendesha. Neno linalobeba kufanya na kufanyiza kwa umbo moja huanza safari likiwa na mzigo mara mbili.

Mashine na ofisi

Mlango huo ulipofunguka, kila kilichoweza kutiwa mwendo kiliingia. Maji hutiririka kwenye mfereji, na mtu anaweza kuyapitisha hapo. Viwanda vya Uingereza vya karne ya 18 na 19 vilileta vitu vingi vinavyokwenda bila miguu: mitambo ya kusokota pamba, injini za mvuke, na baadaye treni zenye ratiba. Mashine inayofanya kazi ni "run". Fundi anayeisimamia naye ni "run". Kutoka kusimamia mashine hadi kusimamia kiwanda ni hatua fupi, na kutoka kiwanda hadi hoteli, gazeti au wizara ni fupi zaidi. Kompyuta zilipokuja zilikuta njia imeshasafishwa. Mwandishi Simon Winchester, aliyeandika juu ya kitenzi hiki katika gazeti la New York Times mwaka 2011, aliona kwamba kupanda kwa "run" na kushuka kwa "set" kunaendana na enzi zetu zenye pilikapilika: neno la kuweka kitu kikatulia limepitwa na neno la kitu kisichotulia.

Maelezo hayo yanavutia, lakini tusiyape uzito kupita kiasi, kwa sababu Kiswahili kilitembea njia ileile bila kupitia viwanda vya Manchester. Neno kuendesha lilitoka kwenye kufanya kitu kiende, likaingia kwenye gari na mashine, likafika kwenye semina, kesi, shule na nchi. Likafika hata tumboni. Mtoto mwenye kuhara huambiwa tumbo linamwendesha; Mwingereza mwenye ugonjwa huohuo husema ana "the runs". Lugha mbili zisizo na undugu zimefika choo kimoja, kila moja kwa miguu yake. Akili ya binadamu huona usimamizi, mashine na matumbo kwa namna inayofanana. Tofauti ni kwamba Kiswahili kimelibandika -esha kwenye kitenzi ili msikilizaji ajue, kabla sentensi haijaisha, kwamba kuna anayefanya na kinachofanywa kiende.

Mbio zisizo na mkimbiaji

Maana nyingine za "run" zimeachana na miguu kabisa, na hizi ndizo zinazomkwaza mfasiri.

Chukua siasa. Mmarekani anayetaka urais "anakimbia", ilhali Mwingereza anayetaka ubunge "anasimama". Ni kinyang'anyiro kilekile, na hakuna kati yao anayetoka jasho zaidi kwa sababu ya kitenzi chake. Kutoka huko likapatikana jina la mgombea wa umakamu wa rais, "running mate". Kwa asili lilikuwa jina la farasi aliyeingizwa mashindanoni ili amwongezee kasi farasi mwenzake wa zizi moja. Kiswahili kilipohitaji kulisema jambo hilo, Tanzania kwa uchaguzi wa mwaka 1995 na Kenya chini ya Katiba ya mwaka 2010, kilipata mgombea mwenza. Farasi aliachwa na mbio zikaachwa. Kilichobaki ni kile hasa ambacho mpiga kura anahitaji kukijua: huyu anagombea, na hagombei peke yake.

Chukua benki. Wateja wakipata hofu na kwenda wote kwa pamoja kutoa fedha zao, Waingereza husema benki imepata "run". Septemba 2007 picha ilikuwa dhahiri: foleni ndefu nje ya matawi ya Northern Rock, jambo ambalo Uingereza haikuwa imelishuhudia tangu karne ya 19. Machi 2023 neno lilibaki lakini picha ikafifia. Tarehe 9 ya mwezi huo wateja wa Silicon Valley Bank huko Marekani walijaribu kuhamisha dola bilioni 42 kwa siku moja, wengi wao kwa simu na kompyuta, na kesho yake mamlaka zikaifunga benki. Wengi hawakuhitaji kukimbia wala kupanga foleni. Maana ilikuwa imeshajitegemea, na kilichobaki ndani yake ni pupa ya watu wengi kuelekea mahali pamoja. Kiswahili hulisema hilo vizuri kwa kukimbilia: -ili- inaonyesha kuna mahali au kitu kinachoelekewa. Mtu anakimbia hatari, na anakimbilia usalama. Kiingereza kinahitaji vihusishi viwili tofauti kuyatenganisha hayo.

Kriketi inatoa mfano mkali zaidi. "Run", ambayo watangazaji wa Kiswahili huiita mkimbio, hupatikana wapigaji wawili wanapobadilishana nafasi mbio kati ya ncha mbili za uwanja. Lakini mpira ukivuka mpaka wa uwanja, mpigaji hupewa mikimbio minne, au sita kama haukugusa ardhi, na anaweza kuipata yote akiwa amesimama palepale. Mkimbio umekuwa kipimo cha ushindi, kama goli. Ukimuuliza mchezaji kama neno hilo bado lina uhusiano na kukimbia, atasema ndiyo. Ukimuuliza kama alikimbia, atasema hapana. Majibu yote mawili ni ya kweli.

Majirani ndio wanaoamua

Pamoja na yote hayo, msomaji wa Kiingereza hachanganyikiwi. Hakai na orodha ya maana 645 akichagua moja. Anapofika kwenye neno, majirani wamekwishamaliza kazi. Baada ya "run" kukiwa na jina la kampuni, ni kuendesha. Kukiwa na jina la cheo likitanguliwa na "for", ni kugombea. Aliyetangulia akiwa ni mto au pua, ni kutiririka. Aliyetangulia akiwa ni barabara, ni kupita kutoka hapa hadi pale. Vihusishi hukamilisha kilichobaki: "run into" ni kukutana na mtu kwa bahati au kugonga kitu, "run out of" ni kuishiwa, "run over" ni kukanyaga kwa gari, "run through" ni kupitia haraka, "run down" ni kuchakaa au kumsema mtu vibaya.

Sehemu kubwa ya zile 645 ni miungano ya aina hii, na hapo namba inaanza kulegea. Je, "kuishiwa" ni maana ya "run", au ni maana ya maneno matatu yakiwa pamoja? Kamusi ya Oxford imeamua kuyaorodhesha chini ya kitenzi, na uamuzi huo una sababu zake za kihistoria. Kamusi nyingine ingeamua vingine, na idadi ingeshuka kwa mamia bila neno lenyewe kubadilika hata kidogo.

Nani anahesabu?

Mfaransa Michel Bréal ndiye aliyelipa jambo hili jina la kitaalamu mwaka 1897, katika kitabu chake juu ya elimu ya maana. Wataalamu wetu huliita polisemia: neno moja lenye maana nyingi zinazohusiana. Hutofautishwa na homonimia, ambapo maneno mawili yasiyohusiana yamegongana kwa umbo. Kwenye karatasi tofauti ni safi. Kwenye kazi huchafuka.

Mfano wa kawaida wa homonimia katika vitabu vya Kiingereza ni "bank": ukingo wa mto na mahali pa kuweka fedha. Kamusi huyaweka katika vidahizo viwili. Lakini ya fedha ilitoka kwenye neno la Kiitaliano lililomaanisha benchi au meza ya wabadilisha fedha, na Waitaliano nao walilipata kwa watu wa kaskazini, kutoka mzizi uleule uliozaa ukingo wa mto. Kwa historia ni neno moja. Kwa msemaji wa leo ni mawili. "Set" ina sura ya kinyume. Jina "set" lenye maana ya kundi lilitoka Kilatini kupitia Kifaransa, likakutana na kitenzi cha Kiingereza na kuchanganyika nacho, na leo wasemaji hawaoni mshono.

Samuel Johnson aliujua ugumu huu. Katika kamusi yake ya mwaka 1755 kitenzi "take" peke yake kilipata maana 134, na katika dibaji alilalamika kwamba vitenzi vifupi vya kila siku, "run" na "set" vikiwamo, vina maana pana na legevu kiasi kwamba ni vigumu kuvifuatilia. Karne mbili baadaye George Zipf alionyesha kwamba ulegevu huo una kanuni: maneno yanayotumika sana huwa na maana nyingi, na idadi ya maana hukua kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha mara yanazotumika. Neno linalotumika mara 100 zaidi ya jingine linatarajiwa kuwa na maana mara 10 zaidi. Mabingwa wa kamusi ni maneno yanayofanya kazi nyingi, na yanafanya kazi nyingi kwa sababu ni mepesi kubebeka.

Lakini mara 10 kwa hesabu ya nani? Hazina ya maneno ya WordNet, iliyoanzishwa na George Miller katika Chuo Kikuu cha Princeton miaka ya 1980, imekipa kitenzi "run" maana 41. Ni kitenzi kilekile ambacho Oxford imekipa 645. Mwaka 1997 Adam Kilgarriff, aliyetumia maisha yake kwenye kamusi na kompyuta, aliandika kwamba haamini kuwa maana za maneno zipo kama vitu vya kuhesabika. Kinachokuwapo, kwa maoni yake, ni matumizi mengi ambayo mtunga kamusi huyakusanya mafungu mafungu kulingana na kazi aliyonayo. Anayeandikia mwanafunzi atapata mafungu machache. Anayeandika historia ya miaka 1,000 atapata mamia.

Kiswahili kinatenganisha wapi?

Kwa kipimo hicho, kulinganisha idadi za maana kati ya Kiingereza na Kiswahili ni kulinganisha vitu visivyo vya aina moja. Pale Kiingereza kinapohesabu maana kumi za neno moja, Kiswahili kinaweza kuwa na vitenzi vitano vya mnyambuliko mmoja, kila kimoja kikiwa na kidahizo chake. Kuenda, kuendea, kuendesha, kuendelea na kuendeleza vimegawana eneo ambalo Kiingereza kingelijaza kwa "go" na vihusishi vyake.

Ngeli nazo zinafanya kazi ambayo Kiingereza hakina chombo cha kuifanya. Tukisema "ndege ametua", ni kiumbe chenye mbawa na manyoya. Tukisema "ndege imetua", abiria wajiandae kushuka. Silabi moja imemaliza jambo. Kaa yule yuko ufukweni, kaa lile liko jikoni. Tembo yule anakula miti, tembo lile limegemwa mnazini. Mbuzi huyu analia, mbuzi hii ni ya kukunia nazi, ingawa hata kwa hiyo ya pili bado kuna meno na kuna kuketi juu ya mgongo. Jina lina umbo moja, lakini sentensi nzima inatangaza ni lipi.

Hii haina maana kwamba Kiswahili hakijui kutegemea majirani. Kitenzi piga ni mfano usiokwepeka. Tunapiga simu, picha, pasi, deki, mswaki, kura, hodi, magoti, chafya, miayo, mbizi, soga, mnada na marufuku. Mgeni anayejifunza Kiswahili akiwa na "kugonga kwa mkono" kichwani atateseka vilevile kama mwanafunzi wetu anavyoteseka na "run". Katika miungano hiyo maana yote imebebwa na jina linalofuata. Piga imebaki kama kipini cha kulishikia. Na kama kuonyesha kwamba neno halijafika mwisho wa safari, Watanzania wameliachia libaki peke yake bila jina la kulifuata: fedha za umma "zimepigwa", na waliozila ni "wapigaji". Hapo anayekaa jirani ni fedha yenyewe, na inatosha.

Pale maana inapokuwa kifungo

Katika mazungumzo, majirani wakishindwa, tunauliza. Sheria iliyoandikwa haiulizwi. Ndiyo maana neno la kawaida likiingia kwenye sheria linaweza kuwa jambo la miaka mingi ya kifungo.

Sheria moja ya Marekani iliongeza adhabu kwa anayetumia silaha ya moto katika uhalifu wa dawa za kulevya. Katika kesi ya Smith dhidi ya Marekani, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 1993, mshtakiwa hakufyatua bunduki wala kumtisha mtu nayo. Alijaribu kuibadilisha kwa kokeini. Je, "ameitumia"? Majaji sita walisema ndiyo, kwa kuwa kubadilishana kitu ni kukitumia. Watatu walikataa. Jaji Scalia, aliyeandika kwa niaba yao, alitoa mfano wa mkongojo: ukimuuliza mtu kama anatumia mkongojo, huulizi kama ameutundika sebuleni mkongojo wa babu yake kama pambo. Unauliza kama anautembelea.

Kiswahili kingewapa majaji hao shida ileile. Tunatumia dawa, fedha, njia, akili na bunduki. Mtu akiwa mezani penye vinywaji akasema "mimi situmii", hakuna atakayemuuliza hatumii nini. Matumizi ya kawaida yamejaza pengo, na hilo ndilo alilolisema Scalia: kitenzi kikipewa kitu fulani, huchukua kazi ya kawaida ya kitu hicho. Wenzake waliopata ushindi walisoma kamusi, na kamusi iliwapa maana pana kuliko zote, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ya kamusi.

Mwaka 1995 mahakama hiyohiyo ilisema kwa pamoja kwamba kutumia lazima kuwe kwa vitendo, si kuwa na silaha tu karibu. Mwaka 1998 likaja neno la pili la sheria ileile, "carry", yaani kubeba. Mtu mwenye bastola ndani ya gari lake, amebeba? Kwa kura tano dhidi ya nne, jibu lilikuwa ndiyo. Jaji Breyer alitafuta ushahidi katika kamusi, katika Biblia, katika riwaya na katika hifadhi za magazeti. Kuna jambo la kufikirisha hapo: mahakama kubwa ya nchi ilipohitaji kujua maana, ilibidi ifanye kazi ya mtunga kamusi, na hata hivyo majaji tisa hawakukubaliana.

Mashine ilipofundishwa kutazama pembeni

Watu wa kompyuta waligonga ukuta huohuo mapema. Mwaka 1949 Warren Weaver alipendekeza kwamba mashine ingeweza kutafsiri kama ingetazama maneno machache kushoto na kulia kwa kila neno. Mwaka 1960 Yehoshua Bar-Hillel alijibu kwa mfano mdogo ambao haujasahaulika. Mtoto anatafuta sanduku lake la midoli, kisha sanduku linaonekana ndani ya "pen". Neno hilo ni kalamu, na pia ni uzio mdogo wa kuchezea mtoto. Binadamu anajua sanduku haliingii ndani ya kalamu. Mashine, alisema, haitajua, kwa kuwa jambo hilo halipo katika maneno ya jirani. Lipo katika ujuzi wa dunia.

Kwa miaka zaidi ya 50 Bar-Hillel alionekana kushinda. Kisha mbinu zikabadilika. Mwaka 2013 programu ya word2vec ya Google ilijifunza maneno kutokana na maneno yanayoambatana nayo katika maandishi mengi mno, wazo ambalo Mwingereza J. R. Firth alikuwa amelitetea miaka ya 1950. Lakini bado ililipa kila neno alama moja tu, hivyo "run" ya mto na "run" ya urais zilikuwa kitu kimoja kwake. Mwaka 2018 miundo kama ELMo na BERT ikaanza kulipa neno alama mpya kila linapotokea, kwa kadiri ya sentensi lililomo. Ndani yake hakuna orodha ya maana 645 wala 41. Kuna matumizi, na ukaribu kati ya matumizi. Mashine zilifanikiwa zilipoacha kuhesabu maana, na hapo zilikuwa zimefika upande wa Kilgarriff.

Kamusi gani, darasa gani?

Haya yote yana faida kwa mwalimu na mtunga kamusi wa Kiswahili. Albert Sydney Hornby, aliyefundisha Kiingereza nchini Japani, alitoa huko Tokyo mwaka 1942 kamusi iliyoandikwa kwa ajili ya wageni, ambayo baadaye Oxford iliichapisha upya na ambayo matoleo yake ya leo yamejaa katika shule zetu. Jambo lake jipya lilikuwa kuonyesha ruwaza: kitenzi hiki hufuatwa na nini. Mwaka 1987 John Sinclair na wenzake wa Chuo Kikuu cha Birmingham wakatoa kamusi ya COBUILD, iliyotungwa kwa kutazama mamilioni ya maneno ya matumizi halisi, na wakaanza kueleza neno kwa sentensi kamili: ukifanya hivi kwa kampuni, una maana hii. Jirani aliwekwa ndani ya maelezo yenyewe.

Kamusi nyingi za Kiingereza na Kiswahili bado hufuata utaratibu wa zamani: kidahizo, kisha mfululizo wa visawe vilivyotenganishwa kwa mkato. Kimbia, tiririka, endesha, gombea, vuja, enea. Orodha hiyo ni sahihi yote, na haimsaidii mwanafunzi hata kidogo, maana hakuna kinachomwambia lini achague kipi. Anachohitaji ni kuona kwamba duka, kampuni na shule huita endesha. Cheo huita gombea. Mto na pua huita tiririka. Majina matatu ya jirani yangemfaa kuliko visawe kumi.

Njia hiyohiyo ingefaa upande wa pili. Mgeni anayefungua kamusi ya Kiswahili kutafuta piga anastahili kuoneshwa majina yanayoambatana nayo kwa makundi: ya mwili, kama chafya na miayo, ya vyombo, kama simu, picha na pasi, ya tangazo, kama mnada na marufuku. Na mwanafunzi wa kidato cha kwanza anastahili kuambiwa mapema kwamba hana deni la maana 645. Mzungumzaji mzawa wa Kiingereza naye hajawahi kuzijifunza. Amejifunza kutazama kilicho kushoto na kulia kwa neno, ujuzi ambao mwanafunzi huyo anao tayari, maana tangu utotoni amekuwa akisikia silabi ya kwanza ya kitenzi na kujua kama ndege inayozungumziwa ina rubani.